Nilivyowazamisha Wafadhili wa Mwani

Aibu niliyoipata Mlingotini siku ile hata mume wangu nilimsimulia nusu tu, nusu nyingine akamaliziwa na jirani.

Sisi kina mama wa mwani tulikuwa na wageni, wafadhili wa utafiti kutoka Dar, wamekuja kuamua kama fedha zilizobaki zitatununulia boti na kamba tuhamie maji ya kina yenye ubaridi, au zifanye utafiti mwingine (mwingine! wakati mwani unaozea kambani kwa joto na kila mtoto kijijini anajua). Maji yalikuwa yamekupwa, tukawapeleka kwenye fungu la mchanga katikati ya mashamba, na mwenyekiti wetu, Bi Mwanaidi, akanipa kipaza sauti kwa kuwa nimefika kidato cha nne: "Saumu mwanangu, shukuru tu, ukae."

Nikasema niongeze kidogo. Kidogo kile! Nikawaambia mmepima joto, mmepima chumvi, mmeuliza hata tunakula nini usiku, na mimi hapa nanyonyesha na njaa, sasa mmebakiza kupima nini, makaburi? Kina mama wakapiga vigelegele. Nikapandwa na mori. Wakapiga tena, wakaingiza na wimbo, nami nikazidi kupaza sauti. Sasa kwetu mtu akirefusha maneno mbele ya wageni hakatizwi kwa mdomo, hupigiwa vigelegele akajijua, akakaa (mwenyewe nimeshawapigia wengi harusini). Siku ile nikaona nashangiliwa.

Mwishowe Bi Mwanaidi uzalendo ukamshinda: "We Saumu, hebu geuka uone bahari!"

Nikageuka. Njia ya kurudi yote maji, nasi tumesimama kisiwani. Tukawashika wageni mikono, suti na viatu vya ngozi mle mle, mimi nikamkamata mkubwa wao, mama mmoja mnene, mpole, namwomba radhi kila hatua, mara nikakanyaga shimo, tukazama wote wawili na kilemba chake kikaenda zake.

Nikajua boti ndiyo basi tena. Akaibuka, akajipangusa uso. "Mwanangu, mbona maji yana moto hivi?"

"Si ndiyo niliyokuwa nasema, mama!" nikamfokea, maji yakinitoka puani.

Akaniahidi atalisema kikaoni. Jibu bado, na hasira yangu bado iko pale pale. Ila kusimama tena mchangani na kipaza sauti, sithubutu. Wakinitaka niseme waje nyumbani, niwatolee mkeka, niwaseme mpaka chai ipoe.