Sajini Alivyonisindikiza Hospitali

Ndugu zangu wa Tanga mmekuwa mkiniuliza kwenye simu nilikwenda Ludara, kijijini kwa wakwe, kufanya nini, na kila mmoja nimempa jibu lake. Leo nawaandikia habari nzima, kabla hamjakaa pamoja mkayalinganisha majibu yangu.

Sababu ya safari ilikuwa macho ya baba mkwe. Madaktari wa macho walikuwa wamefika katika hospitali moja ya mjini Arua, tunakoishi mimi na mume wangu Rajabu, na wangeondoka Ijumaa. Mama mkwe aliposikia alinipigia simu huku analia. Alisema macho ya mzee yamepungua nguvu, na wanawe watatu wameshajaribu kumpeleka kwa daktari, wote wakafukuzwa kwa fimbo, Rajabu akiwa wa kwanza kukimbia. Baba mkwe ni sajini mstaafu, na sajini, kwa maelezo yake, hajiripoti kuwa mgonjwa. Nikamwambia Rajabu, nitamleta mimi. Alicheka hadi akapaliwa na chai, kisha akapanda lori lake akaenda zake Juba na mizigo ya watu.

Jumanne, saa mbili asubuhi, nilitoka Arua kwa pikapu ya Mama Poni, jirani yetu kutoka Sudan Kusini, anayepeleka samaki wakavu soko la Koboko. Nilikalishwa mbele kwa heshima, ila harufu ya samaki nayo ikaja kukaa mbele. Tulipita Manibe, na mashamba ya upande wa Aroi, wanawake wakianika muhogo kandokando ya lami. Njiani nikamweleza Mama Poni kazi niliyojitwika. Yeye ni binti wa askari na mjane wa askari.

"Askari mzee wewe hapana sukuma," akaniambia, macho yake barabarani. "Wewe nasukuma, yeye nasimama. Wewe patia yeye kazi. Kama iko kazi, yeye nakwenda mwenyewe."

Saa tano nilishuka Koboko, nikachukua pikipiki hadi Ludara. Mavumbi ya njia ile yalinifanya niwe mwekundu kuanzia ushungi hadi vidole vya miguu, na hivyo ndivyo nilivyofika kwa wakwe, kwa mara ya pili tu tangu niolewe.

Boma la Sajini lilikuwa limenyooka. Madumu ya maji yalipangwa ukutani, mfuniko wa kila dumu ukitazama mashariki. Majembe yaliegemezwa kwa kufuata urefu. Viti vitatu vilikuwa chini ya varanda, na miguu yake ilikwishachimba vishimo ardhini kwa kutohama. Mzee mwenyewe aliketi kwenye kiti cha katikati, kanzu nyeupe, mgongo wima, msahafu mapajani.

"Shikamoo, baba."

"Endelea," akajibu, kana kwamba nimempigia saluti.

Nikaendelea. Nilikula ugali wa muhogo na kunde zilizoungwa kwa simsim, yaani ufuta wetu, na nikatafuta la kufanya ili nionekane mkwe mwema. Kizingitini palikuwa na birika la udhu, la plastiki nyekundu, limekaa juani. Nikaona maji yatachemka bure. Nikalisogeza kivulini, hatua moja tu.

Alasiri mzee akatoka kutawadha. Alitembea kwa hatua zake za gwaride, akasimama, akainama, akashika hewa. Akashika hewa tena. Birika lilikuwa kando ya mguu wake, jekundu kama pilipili, naye hakuligeukia.

"Nani nahamisha birika yangu?" akanguruma, na kuku wakaondoka wote.

Nilikimbilia jikoni. Mama mkwe aliacha kupepeta, akanitazama, akajua kwamba nimejua.

"Mwaka ya ine sasa," akasema kwa sauti ya chini. "Yeye hapana ona kitu. Naona mwanga tu. Mimi peke yangu najua, mimi namudanganyia watu. Kutoka kitanda mpaka mulango, hatua nane. Kutoka mulango mpaka musikiti, mia mbili na kumi. Yeye nahesabu. Kila kitu lazima nakaa mahali pake. Watu nafikiri ni jeshi. Hapana jeshi. Ni macho."

"Na msahafu?"

"Iko kichwani yote. Siku ingine nashika juu chini, mimi nageuza." Akafuta uso kwa kanga. "Juzi pikipiki nachana kanzu yake barabarani. Mutoto yangu, siku moja wao naletea mimi maiti."

Hapo mzaha ulinitoka. Nilikuwa nimekuja kushinda ubishi na Rajabu, na sasa nikaona kuna mtu anayevuka barabara kwenda msikitini mara tano kwa siku akiwa haoni, mbele ya malori, kwa kuwa anaona aibu kusema. Siku zilizobaki zilikuwa tatu.

Baada ya Magharibi nilimpelekea chakula, nikapiga magoti kama desturi ya huku, magoti ya Tanga yakilia kwa ugeni.

"Baba, kesho sina budi kuwa hospitali Arua. Na Rajabu yuko Juba."

"Wewe iko gonjwa?"

"Moyo wangu hautulii, baba." Ilikuwa kweli tupu. Haukuwa umetulia tangu alasiri.

"Nakwenda na nani?"

"Nitakwenda na nani, baba? Peke yangu. Mwanamke mgeni, njia yote ile." Nikavuta pumzi ndefu ya huzuni. Bibi yangu angeisikia angejivunia malezi yake.

Mzee akaweka tonge chini. "Mimi iko nini? Baba ya bwana yako ni mahram yako. Kusafiri peke yako hapana. Mimi nasindikiza wewe. Kesho, nyuma ya Alfajiri." Kisha akapaza sauti. "Mama Rajabu! Viatu yangu!"

Jikoni kitu kilianguka kikavunjika, na hakuna aliyekaripiwa.

Jumatano tulitoka kabla jua halijapanda, Sajini akiwa na kanzu mpya juu na buti za jeshi chini, zimepigwa rangi hadi zinameremeta. Mimi nilijifanya mgonjwa wa kumshikilia mkono. Kwa macho ya watu alinitegemeza yeye, na kwenye mashimo nilimvuta mimi, na mpango huo ulitufaa wote wawili. Kutoka Koboko tulikodi gari dogo. Alikaa mbele akinionyesha nchi.

"Hapa iko musitu kubwa," akanyoosha kidole kwenye safu ya maduka ya mabati na saruji. "Nyani mingi sana."

"Naam, baba, nawaona."

Dereva alinitazama kwenye kioo. Nikamkazia macho, naye akarudi barabarani.

Saa nne tulikuwa hospitali. Nikamkalisha mzee kwenye benchi refu lenye wazee wenzake, nikamwambia nakwenda kujiandikisha. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na jina lililoandikwa halikuwa langu. Kisha nikarudi kukaa karibu naye.

Muuguzi alitoka na orodha. "Ramadhani Juma!"

Sajini aliruka. Visigino viligongana, mikono ikanyooka ubavuni, kidevu kikapanda.

"Iko hapa!"

Korido nzima iligeuka kumtazama. Yeye mwenyewe ndiye aliyechelewa kujisikia. Miaka yote ya jeshi alikuwa akiitwa jina asubuhi na kuitika, na mwili ulikuwa umeitika bila kumuuliza.

"Karibu, mzee, tuangalie macho," akasema muuguzi.

"Binti," akaniita bila kugeuka.

"Naam, baba."

"Jina yangu nafanya nini kwa karatasi ya daktari?"

"Nimeliandikisha mimi, baba."

"Na gonjwa yako?"

"Ndiyo hii, baba."

Akaleta istighfari mara tatu, mbili nadhani zilikuwa zangu. Nikangoja fimbo. Lakini alikuwa ameshaitika mbele ya watu, na mtu aliyeitika haondoki kwenye mstari. Alisimama vilevile, kisha akainamisha kichwa upande wangu, na sauti iliyotoka haikuwa ya sajini.

"Kama wao napasua, na hata mwanga nakwisha?"

Ujanja wangu wote uliishia hapo. Niliogopa, na nilijiona mpumbavu kwa kuchezea macho ya mtu mzima kama mchezo wa watoto.

"Sijui, baba," nikamwambia. "Nitakuwa hapa mlangoni mpaka utoke."

Akaupapasa mkono wangu, akaushika. Akaniachia mlangoni, akaingia peke yake. Daktari alisema watafanya jicho la kulia kwanza.

Alhamisi asubuhi, baada ya kulala nyumbani kwetu, tulirudi kufunguliwa bandeji. Nilikuwa mbele yake. Alipepesa, machozi yakamtoka, akaangalia dirisha, akaangalia buti zake, akaniangalia mimi kwa muda mrefu. Alikuwa hajaniona tangu nifunge ndoa na mwanawe.

"Wewe iko mufupi," akasema. "Sauti yako iko murefu."

Nililia, na muuguzi akanipa pamba.

Safari ya kurudi ilikuwa ya kelele. Alivaa miwani nyeusi ya hospitali na kusoma kila kibao cha barabarani kwa sauti, pamoja na vya kutengeneza simu na vya dawa ya panya. Tulipofika kwenye yale maduka alimwuliza dereva nani kaleta mabati pale, na mimi nikaangalia upande wa pili. Mama mkwe alipiga simu mara tatu kuuliza tumefika wapi. Ya nne hakupiga.

Saa tisa tukaingia Ludara. Majirani walijaa uwanjani, wajukuu wamesimama mstari bila kuamriwa. Mzee akawatazama mmoja mmoja, akawagusa vichwa. Kisha akauliza, "Mama Rajabu iko wapi?"

Mlango wa jiko ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikazunguka dirishani. Mama mkwe alikuwa ameketi chini, kanga imemfunika uso wote.

"Sema mimi nakwenda sokoni," akaninong'oneza.

"Mama! Si ndiye uliyemlilia?"

"Wakati yeye naacha kuona, mimi iko na meno yote. Nywele nyeusi. Kila Ijumaa yeye nasema, vaa gauni ya njano, wewe napendeza. Mimi nasema, navaa. Gauni iliisha zamani, mimi nafutia sufuria." Akashika magoti yake. "Kichwani yake mimi bado musichana, mutoto yangu. Sasa wewe naleta macho."

 Buti zilisikika zikija, zikasimama mlangoni. Katika nyumba ile Sajini alikuwa akiamuru, na wengine ndio walioomba.

"Amina," akaita. Sikujua kwamba anajua jina la mkewe. "Mimi naomba ruhusa kuingia."

 Kisha sauti ndogo kutoka ndani ya kanga. "Funga macho kwanza."

Mkiniuliza nilichojifunza huko, nitasema ni hiki: mcha Mungu naye ana siku yake ya ujanja, na siku hiyo mwacheni. Mama mkwe aliinuka, akaondoa mchi uliozuia mlango, akaufungua, akaishusha kanga hadi mabegani, uso wake ukielekea chini.

"Nafunga macho?" akauliza.

"Nafunga," akajibu mzee, naye akavua miwani. Mimi nilikuwa dirishani na nilimwona. Jicho bovu alilifumba kweli. Lile la kulia alilikodoa lote.