Siku Baba Alipotua Unguja

Nilikuwa nimesimama nje ya uwanja wa ndege wa Unguja na bango la wageni wangu mkononi, mama aliponipigia simu kutoka nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga.

"Baba yako yumo ndani ya ndege," alisema. "Asubuhi kaniaga anakwenda Usagara kwa fundi viatu. Sasa hivi kanipigia, wanapanda. Anakuja huko kwako. Kanikataza nisikwambie, na mimi sijakwambia."

Akakata simu. Nilibaki nimeitazama, maana baba na mimi tulikuwa hatujazungumza kwa miaka miwili.

Baba alikuwa dereva wa lori. Ujana wake wote alibeba marobota ya katani kutoka mashambani mpaka bandarini Tanga. Kaka zangu hawakuipenda kazi ile. Mimi binti yake ndiye niliyekuwa namfuata. Nilipofika miaka kumi na saba alinikalisha kwenye usukani wa gari dogo la jirani, katikati ya mashamba ya mkonge ambako hakuna mtu wa kumgonga, akanifundisha. Alinirudisha gari kinyumenyume, tuta hadi tuta, mpaka shingo ikaniuma, na hakupandisha sauti hata mara moja.

Ndoa yangu ilipovunjika nikavuka kwenda Unguja, nikapata kazi ya kuendesha gari la kuwachukua watalii uwanjani na kuwapeleka mahotelini. Baba hakunigombeza. Alisema tu, "Sikukufundisha gari ukasimame uwanja wa ndege unang'ang'ania watu." Tangu siku ile, nikipiga simu akiipokea yeye, alikuwa akisema, "Ngoja nimpe mama yako."

Mchana ule uwanja ulikuwa umefurika. Ndege mbili kubwa kutoka Ulaya zilikuwa zimetua kwa kufuatana, na watu walikuwa wakimiminika na matoroli yao, wakivua masweta huku wakitembea. Madereva tulikuwa tumejipanga kwenye uzio na mabango yetu. Ndege ndogo za Tanga na Pemba abiria wake hutokea mlango mwingine, mwendo wa dakika mbili au tatu kutoka pale. Nilimpa dereva mwenzangu bango langu.

"Nishikie hili. Wakitoka waambie nakuja sasa hivi."

"Unakwenda wapi?"

"Baba yangu anatua."

Akaniangalia usoni, akalichukua.

Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa amevaa kanzu na koti lake la Idi, na begani amebeba boksi lililofungwa kwa kamba ya katani. Madereva watatu wa teksi walikuwa wamemzunguka, kila mmoja akimwambia mzee karibu, mzee mjini, mzee nikusaidie mzigo. Alikuwa akiwajibu mmoja mmoja, taratibu, kama watu waliomtembelea barazani kwake.

"Ahsanteni, wanangu, nina mwenyeji," nilimsikia akisema. "Namtafuta binti yangu. Ni dereva hapahapa. Dereva mzuri sana, pengine mnamjua."

Kisha nikamwendea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Alinitazama kuanzia ushungi mpaka viatu. "Nani kakwambia nakuja?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Najua aliyekwambia," akasema, na akaniachia lile boksi nilibebe.

Nilimweleza kwamba nina wageni wa kupeleka Nungwi, ncha ya kaskazini ya kisiwa, na kwamba ningeweza kumtafutia mtu wa kumfikisha nyumbani kwangu akapumzike.

"Sikuja kuangalia nyumba," alisema. "Nitakwenda uendako."

Wageni wenyewe walikuwa mume na mke, watu wazima, nywele nyeupe. Niliwaomba radhi, nikawaambia nina mzazi wangu. Wakasema hakuna neno. Baba akakaa mbele, kushoto kwangu, mikono juu ya magoti. Tulipotoka getini aliinama akaangalia miguu yangu.

"Klachi iko wapi?"

"Hili halina, baba. Gia inajibadili yenyewe."

"Inajibadili yenyewe," alirudia. Na kila tulipokaribia gari la mbele niliuona mguu wake ukikanyaga breki isiyokuwepo.

Tulipopita Mahonda yule mama wa nyuma akaanza kujisikia vibaya. Mumewe alinigusa bega. Nikaegesha pembeni, nikamfungulia mlango, akashuka akakaa kwenye ukingo wa barabara, uso umempauka. Aibu ilimsumbua kuliko ugonjwa. Alikuwa akiniomba msamaha mimi.

Baba akashuka. Alifungua boksi lake, na ndani mlikuwa na machungwa ya Muheza, yamefungwa kwa gazeti. Akachukua moja, akalichuna ganda kwa ukucha wa gumba.

"Mwambie anuse hili ganda kwanza. Asile. Anuse tu, avute pumzi."

Nikamfasiria. Yule mama akaliweka ganda puani, akafumba macho. Baba akazunguka akasimama upande lilikokuwa jua, akalitanua koti lake kidogo kwa mikono miwili, kivuli kikamwangukia yule mama kichwani. Alikaa hivyo muda mrefu. Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni na hakulifuta. Mumewe alikuwa amepiga magoti kamshika mkewe mkono, na magari yalikuwa yakitupita.

Rangi ilipomrudia, yule mama aliniuliza huyu mzee ni nani. Nikamjibu kwa Kiingereza.

"Umemwambia nini?" baba akauliza.

"Nimemwambia ni baba yangu. Ndiye aliyenifundisha gari."

Baba alizunguka gari, akawa anazigonga tairi kwa mguu moja baada ya nyingine, na alichukua muda kurudi.

Nungwi tuliwashusha salama. Yule mama alimpa baba mkono na kuushika kwa mikono yake yote miwili. Baba akamwachia machungwa manne. Safari ya kurudi tulikuwa sisi wawili tu.

"Mama yako nilimwambia nimekasirika," alisema, tulipokuwa tumekwenda kitambo. "Sikukasirika. Niliogopa. Mimi nimekaa barabarani, nayajua maneno ya barabarani kuhusu mwanamke anayeendesha gari."

"Ungenambia tu, baba. Ungezungumza na mimi kwenye simu."

"Ningezungumza ningekwambia urudi nyumbani." Alikuwa akitazama mikarafuu dirishani. "Na wewe ungerudi. Nakujua. Ungerudi kwa kunitii, ukakaa pale Ngamiani umenuna mpaka nife."

Nilipunguza mwendo kwa sababu barabara ilikuwa imeanza kuniyeyukia machoni. Yeye aliliona hilo.

"Egesha," alisema kwa sauti ileile ya mashambani. "Washa taa za tahadhari. Ukishamaliza kulia tutaendelea."

Nikaegesha. Akanimenyea chungwa, tukala wote wawili ndani ya gari, akikusanya kokwa kwenye kiganja chake asinichafulie zulia.

Alikaa kwangu siku nane. Kila asubuhi alitangulia kuoga na kukaa kwenye kiti cha mbele akinisubiri. Uwanjani madereva walimzoea, wakampa benchi lao, na ndege zikichelewa aliwahadithia habari za lori lake.

Siku ya kuondoka sikuiona ndege yake ikiruka. Wageni wangu wa siku hiyo walitoka mapema, vijana wanne wenye mizigo mingi. Nilikuwa nimeinama nyuma ya gari nikiyapanga mabegi yao niliposikia muungurumo wa ndege ndogo, na mmoja wao akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia ndiyo, nikamfungulia mlango.