Tembo Aliyeipa Kamera Mgongo

Meli ikitia nanga, abiria hushuka mjini na vyumba hupumua. Meli ikiwa katikati ya bahari, hakuna pa kushuka. Abiria husema wanapumzika. Mhudumu wa vyumba hukimbia roho mkononi, maana taulo mpya hulowa kabla za mwanzo hazijakauka.

Mikunjo aliifahamu kazi hiyo kama kiganja chake. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu taulo ikipita mikononi mwake hugeuka bata, nyani au sungura. Mnyama huyo humkalisha kitandani akiukodolea macho mlango, ili mwenye chumba akifungua tu, wakutane uso kwa uso.

Asubuhi hii moyo ulimdunda kwa jambo jingine. Mara moja katika kila safari ndefu, wahudumu huijaza sitaha ya bwawa la kuogelea wanyama wa taulo, kisha hutoweka kabla abiria hawajatoka, ili ionekane kana kwamba wanyama wamekuja wenyewe. Na nyuma ya bwawa, juu ya nguzo, kuna kamera inayorusha picha mtandaoni mchana kutwa.

Nyumbani, binti yake wa darasa la kwanza alikuwa amechoka na ahadi. "Wenzangu wanasema mimi sina mama, nina simu," alisema juzi, akamrudishia bibi yake simu na kukataa kuongea tena. Mikunjo akamwomba mama yake amfikishie ujumbe: wafungue kamera ya meli, wataona tembo mkubwa kuliko kitanda, na aliyemtengeneza ni mama. Wahudumu hawaruhusiwi kukanyaga sitaha hiyo bila kazi. Nafasi ilikuwa hii tu.

"Leo umemeza betri?" akauliza msimamizi wao, mwanamume mkavu waliyemwita Sajini.

"Nishikie godoro hilo, kaka. Maneno baadaye!"

Tembo akainuka: magodoro ya kuotea jua tumboni, taulo juu yake, masikio mapana kama mapazia, mkonga uliosokotwa mnene kama paja. Wenzake wakapiga vigelegele. Mikunjo akaruka kama mtoto.

Simu ikatetemeka ndani ya aproni. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa mama yake: "Mwanangu, tembo tumemwona. Ila mbona tunaonyeshwa makalio?"

Mikunjo akageuka. Nguzo ya kamera ilikuwa nyuma ya tembo. Mikono yake, iliyozoea vyumba, ilikuwa imemwelekeza mnyama kwenye mlango wa abiria kama kawaida.

"Wote ndani!" Sajini akaita. "Abiria wanakuja."

"Kaka, nakuomba! Mwanangu anatazamana na makalio ya tembo!"

Sajini akatazama saa. Akatazama kamera. Kisha akavua koti. "Shika masikio. Haraka!"

Wakamzungusha tembo mzima mzima, wakicheka na kuhema. Tembo alipokaribia kuitazama kamera, upepo ukavuma, mkonga ukachomoka na kubingirika kuelekea bwawani.

"Mkonga! Kamateni mkonga!"

Mikunjo akatoka mbio, aproni ikipepea, kiatu kimoja kikibaki nyuma. Akateleza, akaburuzika kwa makalio yake mwenyewe, akaudaka mkonga ukingoni kabisa, mguu mmoja ndani ya maji mpaka gotini.

Mlango ukafunguka. Mzee mmoja, taulo shingoni, akasimama ghafla, akadhani ni maonyesho, akaanza kupiga makofi.

"Mikunjo," Sajini akanong'ona, akiwa amekumbatia kichwa cha tembo kisicho na mkonga. "Sheria unaijua."

Simu ikatetemeka tena. Akaufungua ujumbe; safari hii haikuwa sauti ya bibi.

"Ndiye! Bibi, ndiye mama! Anakimbia vilevile kama siku ile kuku wetu alipotoroka! Mama, usiondoke hapo! Usiondoke, nakwenda kuwaita wenzangu waje waone!"

Mikunjo akamtazama Sajini. Akacheka huku akijifuta machozi. Ile sauti kali ya mtoto ilikuwa imesikika sitaha nzima.

"Wenzake wanakaa mbali?" Sajini akauliza.

"Nyumba ya jirani."

"Basi kaa hapohapo. Ila mwambie akimbie kama mama yake."

Mikunjo akaketi ukingoni, mguu umelowa, akauinua mkonga juu kwa mikono miwili na kuupunga kuelekea kwenye nguzo.