Nafasi ya Mayo Namba Saba

Juma lililopita nilipita mtaa wetu wa Keshero, rafiki yangu, nikasikia nyundo kabla sijaiona nyumba. Hapa Goma nyundo juu ya jiwe si habari. Tunaishi juu ya mawe, na mawe hayohayo ndiyo tunayoyavunja ili tupate kuta. Lakini sauti hii ilitoka uani kwa Koko. Nikaingia. Fundi alikuwa amepanda juu ya lile jiwe pana, jeusi, ambalo volkeno ililimwaga pale kabla sisi hatujazaliwa, naye alikuwa akilipasua vipandevipande. Shangazi, aliyerithi kiwanja, alimwagiza ajenge ukuta wa kuzunguka nyumba. Nusu ya jiwe ilikuwa imekwisha kwenda. Nikasimama karibu na mlango, mkono mmoja umeushika mwingine, kama nilivyokuwa nikisimama utotoni.

Wewe ungeliona jiwe tu. Mimi niliziona Jumatatu zetu.

Koko ndilo jina tunalomwita bibi kwetu. Yeye ndiye aliyenilea, na yeye ndiye aliyekuwa akifua nguo za ekipe, timu ya mpira ya mtaa. Ekipe yetu iliitwa Makoro, kwa sababu ndivyo tunavyoyaita mawe haya meusi, na kwa sababu uwanja wetu wenyewe ulikuwa mavumbi meusi yenye meno. Mchezaji akianguka pale, magoti yake yalikusimulia mwaka mzima. Jezi zao, mayo kama tunavyosema, zilikuwa za njano, na zilikuwa kumi na mbili tu. Mchezaji akitolewa, anayeingia alivaa mayo ileile yenye jasho la mwenzake, akikunja uso, na watu wakicheka.

Kila Jumatatu nilishuka ziwani na bidoni, dumu la maji, nikapanda tena na maji yakinimwagikia mgongoni. Koko alifua akiwa ameinama, na maji ya kwanza yalitoka meusi kama kahawa. Hakuanika kwenye kamba. Alisema kamba hukausha upande mmoja, jiwe hukausha pande zote mbili, maana jiwe letu hulimeza jua na kulitunza hata mvua ikianza. Alizitandaza mayo juu yake, mikono imenyooshwa, kwa kufuata namba, moja hadi kumi na mbili, na Jumapili asubuhi alizitandaza tena ili zichukuliwe zikiwa na joto. Ukitazama kutoka mlangoni ungedhani wachezaji wamelala wote kwenye kitanda kimoja. Mimi kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku. Sambaza za chakula cha mchana, vidagaa vya ziwa letu, zilikaangwa hapo kando, na hadi leo nikinusa sambaza naiona rangi ya njano.

Namba saba ilikuwa ya baba mdogo, kitinda mimba wa Koko. Alikuwa na pengo la jino hapa mbele, na akifunga goli alicheka huku amefumba mdomo kwa kiganja, maana pengo lile lilimtia haya. Mimi pia nilikuwa mtu wa haya. Labda ndiyo sababu nilimpenda.

Msimu ule ulianza kama arusi. Tuliwafunga vijana wa mjini waliokuja na viatu vya njumu na maji ya chupa. Baba mdogo alifunga, akafunga tena, na Koko, ambaye kanisani hakupandisha sauti hata kwa wimbo, alisimama pembeni ya uwanja na kikwembe chake, kitenge cha Jumapili, akipiga kelele, "Huyo ni wa tumbo yangu! Huyo ni wa tumbo yangu mwenyewe!" Watu walimwambia, "Koko, tunajua, kaa basi." Hakukaa.

Kisha baba mdogo akapanda lori kwenda Vitshumbi kununua samaki wa chumvi. Ilikuwa biashara yake, hakuna aliyeshangaa. Alimwambia Koko, "Mayo yangu usimupatie mutu. Dimanche niko hapa." Jumapili ilifika, yeye hakufika. Barabara ya kaskazini ilikuwa imefungwa na vita. Malori yaliyokwisha kwenda hayakurudi, na yaliyobaki hayakuthubutu kwenda.

Mwanzoni hatukuogopa sana. Kwetu barabara hufungwa na kufunguka kama mlango wa duka. Koko alifua mayo namba saba ingawa hakuna aliyeivaa, akaitandaza mahali pake, kati ya sita na nane. Jumapili wachezaji walipokuja kuchukua, kila mmoja alichukua namba yake, na mahali pa baba mdogo palichezwa na kijana wa namba kumi na mbili. Saba ilibaki peke yake juu ya jiwe. Koko aliikunja, akaingia nayo ndani. Hata kocha, mtu wa kufokea kila mtu, aliangalia pembeni.

Tukaenda sare. Tukafungwa. Tukashinda mara moja katika mvua kubwa, goli likiwa la bahati, mpira umegonga jiwe na kugeuka. Nilidhani ni ishara, nikakimbia nyumbani kutazama kama baba mdogo ameingia. Alikuwa hajaingia. Kuku walikuwa wamelala juu ya jiwe.

Ndipo watu wakaanza kushuka kutoka Rutshuru. Walikuja na magodoro kichwani, na mbuzi, na chukudu, zile baiskeli zetu za mbao, zilizobeba wazee pamoja na masufuria. Darasa letu likajaa familia, nami masomo yangu yakaishia hapo. Uwanja nao ukajaa mashitingi, maturubai ya mahema, kutoka goli hadi goli. Kwenye nguzo za goli watu walifunga kamba za kuanikia nguo za watoto. Ekipe ikawa ya kutembea, kila mechi kwa wenyeji wengine. Koko alikwenda uwanjani siku zote, lakini sasa alikwenda kuuliza. Alipita hema kwa hema. "Hamukuona kijana mwenye pengo hapa mbele? Alikuwa kwa lori ya samaki." Watu walimjibu kwa upole wa mtu aliyechoka. Wengine nao walimwuliza kuhusu watu wao, na Koko aliwajibu kwa upole uleule.

Halafu yule wa namba kumi na mbili akapanda boti na wazazi wake kwenda Bukavu, mayo ikiwa ndani ya mzigo wake. Hakuiba, alisahau tu, nani angekumbuka siku ile? Lakini sasa zilibaki kumi na moja, na moja kati yake ilikuwa namba saba.

Hapa, rafiki yangu, ndipo walipofanya jambo ambalo nadhani hakuna ekipe nyingine ingelifanya. Walicheza watu kumi. Wachezaji walikuwapo, wamesimama pembeni na masweta yao. Mayo ilikuwapo, imelala juu ya jiwe. Lakini kwenda kumwambia mama, "tupe mayo ya mtoto wako," ilikuwa sawa na kumwambia, "hatarudi." Hakuna mdomo uliotaka kulitoa neno lile. Mtaa mzima ulijua isipokuwa Koko. Yeye alisimama pembeni akimgombeza kocha: "Weye kocha! Juu ya nini munacheza kumi? Batu wameisha mu Keshero? Ongeza mutu!" Kocha alishika kofia yake, akatazama chini. Tukafungwa vibaya. Mechi iliyofuata tulicheza tena kumi, tukafungwa tena, na Koko akamwita kocha mpumbavu mbele ya watu wote.

Tukabaki na mechi moja. Tukifungwa, tunashuka daraja. Usicheke. Vitu vingine vyote tulikuwa tumekwisha kuvipoteza: uwanja, shule, barabara, bei ya maharagi. Makoro kubaki ndilo jambo pekee lililokuwa bado halijaamuliwa.

Mwenye kuvunja kimya alikuwa mama wa kuuza makaa, jirani yetu, mwanamke mwenye ulimi usio na mlango. Jumatatu ile alimkuta Koko akitandaza na kulalamika, akasema, "Koko, unamutukana kocha bure. Mutu wa kumi na moja ni weye."

"Mimi? Nicheze?"

"Mayo yake iko pale. Inalala juu ya jiwe kama chifu."

Koko alibaki ameinama, mkono juu ya namba saba. Nilitazama mgongo wake. Alikaa hivyo mpaka makaa ya sambaza yakafifia. Kisha akaniambia bila kugeuka, "Mwite kocha."

Kocha alikuja na kofia mkononi. Koko akamwuliza, "Mulishindwa kuniambia?"

"Tulishindwa, Koko."

"Munaogopa mwanamuke muzee kuliko kushuka?"

"Ndiyo, Koko. Sana."

Koko alicheka, na kicheko kile kilipofika katikati kikageuka kuwa kitu kingine. Akajifuta kwa ncha ya kikwembe. "Nani atavaa?"

Jumapili asubuhi kocha alimleta. Alikuwa mkimbizi wa palepale uwanjani, kijana mrefu, mwembamba, aliyekuwa akichezea mpira wa mifuko ya plastiki katikati ya mahema, akiruka kamba bila hata moja kumgusa. Alisimama uani, sweta lake limetoboka viwiko.

"Weye ni wa wapi?" Koko akauliza.

"Kalengera."

"Kwa barabara ya lori za samaki."

"Ndiyo, Koko. Inapita mbele ya nyumba yetu." Akaongeza haraka, kama mtu aliyekwisha kuonywa, "Lakini tulikimbia na mvua. Hatukutazama sura za batu."

Koko hakuuliza tena. Akaichukua mayo kutoka juu ya jiwe, ilikuwa bado na joto, akamwambia, "Vaa nione." Ilimpwaya. Koko akaivuta mabegani, akanyoosha kola, akamgeuza, akamgeuza tena, kama afanyavyo mama kabla ya komunyo. Mikono yake ilikataa kutoka juu ya namba ile mgongoni.

"Utanirudishia."

"Nitarudisha, Koko."

"Na kama hamushindi, usirudie hapa, nitakupiga na jiwe." Hapo kijana akacheka, nasi wote tukacheka, kwa sababu tulihitaji.

Mechi ile sikuiona vizuri. Niliitazama kupitia vidole. Mizinga ilikuwa ikisikika upande wa Kibumba, mbali, kama mtu anayehamisha kabati, na kila mara ilipolia wachezaji wote waligeuza vichwa, hata mwamuzi. Sisi tulihitaji sare tu. Kijana wa Kalengera hakufunga goli. Alikimbia. Alikimbia mbele, alikimbia nyuma, na dakika za mwisho, kipa wetu akiwa amelala chini, yeye alijitupa mbele ya goli akaupokea mpira kwa kifua. Mpira ulikuwa umejaa matope. Aliposimama, kifuani mwake palikuwa na duara jeusi. Filimbi ikalia. Sifuri kwa sifuri, rafiki yangu, na watu walilia kama tumechukua kombe la dunia. Koko alipiga kelele, "Na hii matope atafua nani?" lakini uso wake uling'aa.

Jioni kijana alikuja kurudisha. Mvua ilikuwa imeanza, na sweta lake alikuwa amempa mdogo wake. Alianza kuvua mlangoni. Koko akamshika mkono. "Acha. Baridi iko. Utaleta lundi, siku ya kufua."

Nilisikia kila neno. Nililisikia pia lile ambalo hakulisema, kwamba alitaka kuiona ikitembea kidogo zaidi, ikiwa na mtu ndani yake.

Jumatatu hatukufua. Alfajiri mizinga haikuwa tena mtu anayehamisha kabati, ilikuwa imo ndani ya nyumba. Tulilala chini ya kitanda mimi na Koko, tukila mihogo mibichi. Tulipotoka, uwanja ulikuwa mtupu. Watu wote wa mahema walikuwa wamekimbia, wengine walisema upande wa Sake, wengine walisema ziwani. Yalibaki mafiga, na kiatu kimoja cha mtoto, na kamba kwenye nguzo za goli. Koko alitembea goli hadi goli. Safari hii hakuwa na wa kumwuliza.

Ligi haikuendelea. Tulikuwa tumebaki katika daraja ambalo halikuwapo tena. Wachezaji walitawanyika, lakini mayo zilikuwa kwetu, na Koko alizifua kila Jumatatu ingawa hakuna aliyezichafua. Alizitandaza kwa kufuata namba. Kati ya sita na nane aliacha nafasi. Kuku akipanda pale, alinipigia kelele nimfukuze.

Siku moja alisema, si kwangu hasa, labda kwa jiwe: "Kwanza nilikuwa nangoja mumoja. Sasa nangoja wawili, na mayo ni ile ile." Hakuna aliyerudi. Si wa Vitshumbi, si wa Kalengera. Barabara imefunguka na kufungwa mara nyingi tangu siku hizo. Mayo zilichakaa, Koko akazikata matambara ya kupangusia taa, moja baada ya nyingine. Mwishowe alitandaza nguo zangu tu, na kati ya shati na suruali bado palikuwa na ile nafasi. Alikufa msimu wa mvua. Uwanja umejengwa nyumba; ukiwauliza watoto wa pale Makoro ni nini, watakuonyesha chini ya miguu yao.

Juma lililopita nilimtazama fundi akipasua. Alikuwa amefika kwenye sehemu ya katikati, ile iliyokuwa laini kidogo kwa kusuguliwa miaka mingi. Nilitaka kumwambia aache kipande hicho, kiasi cha upana wa mayo moja tu. Maneno yalinikwama, kama kawaida yangu. Akainua nyundo, akaniona bado nimesimama pale mlangoni, akaishusha.

"Weye, uko nangoja mutu?"

"Ndiyo," nikasema. "Wawili."