Jogoo wa Wakwe na Kitabu cha Wanyama

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Chai ikichelewa kuchemka tu, nishaanza kuona msiba. Basi fikiria nilivyokuwa asubuhi ile, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, wakwe zangu watarajiwa wako njiani kutoka Kitale kuja kwetu Sirisia, na jogoo haonekani.

Kwetu Bungoma mgeni ambaye hajala kuku hajakaribishwa, na mkwe ni mgeni kupita wote. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilikuwa kimefagia mabanda ya kijiji kizima. Sisi tulibaki na matetea wawili wanaoatamia na jogoo mmoja mwekundu, ambaye baba alimtenga kwa siku hiyo. Baba mwenyewe alikuwa ameikubali posa shingo upande, kwa kuwa wale wa Kitale walikuwa watu wa asili ya Mkoa wa Kati na hakuwazoea. Alimwambia mama kwamba jambo lolote likienda kombo, yeye ataliona kuwa jibu la kukataa. Nami nilimpenda kijana wao, na nilimjua baba: akisema basi, ni basi.

"Jogoo iko wapi?" aliuliza, amesimama uani na kisu. "Si nilifunga mwenyewe hapo jikoni?"

"Labda ni kicheche, baba," nilisema.

"Ati kicheche? Kicheche gani inajua kufungua kamba?"

Mama aliendelea kupepeta wimbi. Ndipo nikamkumbuka mtoto wa kaka yangu, aliyekuwa akilelewa hapo nyumbani, na kile kitabu.

Nilikuwa nimemletea kutoka Kitale, nilikofanya kazi. Kilikuwa cha mtumba, hadithi ndefu ya watoto kwa Kiingereza, yenye picha za rangi: mbuzi mwenye miwani, bata wa kofia, panya na mwavuli wake. Walikuwa marafiki, wakisemezana, wakigombana, wakikaribishana chai. Kila jioni niliyokuwa nyumbani nilimfasiria. Bata alipotafutwa ili aliwe, wenzake walimficha bila kumwuliza maswali. Sura hiyo aliniomba niirudie mpaka nikaichukia.

Nilimkuta nyuma ya ghala la mahindi, amemfunika jogoo kwa sweta lake la shule.

"Lete jogoo, mwanangu. Wageni wako karibu."

"Babu atachinja yeye."

Ningeweza kumnyang'anya, alikuwa mtoto mdogo wa nasari. Badala yake nilipiga magoti kwenye matope na gauni langu jipya, machozi yakanitoka. Sitadanganya kwamba yalikuwa ya huruma. Nilikuwa naogopa.

"Babu akikasirika leo, sitaolewa," nilimwambia.

Alinitazama, akafikiri. "Ngoja niulize yeye."

Akainama, akamnong'oneza jogoo, kisha akageuza sikio lake mpaka karibu na mdomo wa ndege na kutulia. Huko barabarani nilisikia gari likipunguza mwendo kwenye kona yetu. Sikuthubutu kumharakisha. Akauliza tena, taratibu zaidi, kama mtu anayedhani hakusikika. Jogoo alipepesa jicho tu. Akangoja. Gari lilikuwa limeshaingia uani, na sauti ya baba ilisikika ikiwakaribisha watu, alipoinuka na kunitilia jogoo mikononi.

"Haongei, anti," alisema. "Ni kuku tu."

Wakwe walikula wakashiba. Baba alichukua firigisi, ambayo ni haki yake nyumbani mwake, akampa baba mkwe kwa mkono wake mwenyewe, na hapo nikajua nimeolewa. Nilifurahi, nilifurahi sana. Jioni wageni walipokwisha kuondoka, nilikifungua kitabu pale tulipoishia nikamwita mtoto. Alikuja, akaketi, lakini hakusogea kuangalia picha.

"Wewe soma tu, anti," aliniambia kwa adabu, "kama unataka."