Kilio Nilichompigia Kipa Sumaku

Hii aibu yangu Likasi nzima wanaijua, na wanaisimulia vibaya, wengine wanasema nilikuwa nimelewa, basi heri niieleze mwenyewe, juu minye siku ile sikuwa nimeonja hata kikombe. (Na ya kununulia ningeitoa wapi, miaka ile mishahara ya kampuni ya migodi ilikuwa imekatika, sisi tuliozoea kupewa unga wa mgao tulikuwa tunalima mihogo nyuma ya nyumba.)

Kwanza mumjue Sumaku. Alikuwa kipa wetu zamani, wakati sisi wote tungali na meno, mrefu, mikono kama koleo, mpira ukipigwa unamfuata kifuani wenyewe, njo maana ya jina. Jumapili hata wamama wa sokoni waliacha meza zao waende uwanjani. Minye sikucheza, nilibeba ndoo ya maji (wajukuu nimewaambia nilikuwa winga, Mungu anisamehe), lakini Sumaku alikuwa mtani wangu. Yeye ukoo wa Chui, minye ukoo wa Mbuzi, watu wa namna hiyo kwetu wanaitana banungwe, na mmoja akifa mwenzake ana haki ya kuingia kwenye kilio akamtukana maiti, akamuigiza, akachekesha wafiwa, na hakuna wa kukasirika. Anayefika wa kwanza ndiye anayesifiwa.

Basi asubuhi moja natoka shambani naona vijana wanapeleka mabenchi ya kanisa kwa Sumaku, na turubai. Miaka ile mabenchi ya kanisa hayakuwa na safari nyingine, kila juma kilio, na Sumaku nilisikia kifua kinamsumbua. Ningeuliza tu, kuko nini? Sikuuliza, juu niliogopa mtani mwingine asinipite. Nililia kidogo palepale njiani, kweli nililia, halafu nikakimbia nyumbani nikavaa kaptula ya zamani (haikufunga, nikaikaza na kamba), soksi mpaka magotini, matambara mikononi yawe glavu. Mke wangu akaniuliza akili nimeiacha shamba gani.

Nafika, watu wamekaa pande mbili, kimya, nyuso zimekunjwa. Nikasema moyoni, basi ni kweli. Nikaingia mbio.

"Sumaku, mwizi weye! Leo kifo imekupigia penalti na umeruka upande mubaya! Njo kipa gani weye? Amuka nikufundishe kudaka!"

Nikajitupa upande wa kushoto, namna yake kabisa, mikono mbele. Mgongo ukalia ka, nikabaki palepale kwenye vumbi, sigeuki, siamki, na kamba ya kaptula imeachia.

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja mwenye koti, nisiyemjua, akauliza polepole, "Baba ya bibi arusi alikufa, na munatuficha?"

Hawakuwa wafiwa. Walikuwa wakwe, wametoka Mulungwishi na mahari ya Odette, binti wa mwisho wa Sumaku, na kwetu siku ya mahari watu hawacheki mpaka neno la mwisho likubaliwe, ndiyo zile nyuso. Nao ni watu waliookoka, mambo ya banungwe hawayataki, mtu akija kumlilia baba wa binti siku kama ile, kwao ni laana. Yule mzee akaanza kuamsha watu wake warudi. Odette nilimwona mlangoni, kitambaa mdomoni, macho yake kwangu tu, na minye siwezi hata kufunika uso.

Ndipo Sumaku akatoka ndani, alipokuwa akingoja wajomba wamalize maneno. Miwani, fimbo, shati limekuwa kubwa kuliko yeye. Akasimama juu yangu, akanitazama, nikajua sasa nakula fimbo.

"Mbuzi," akasema, "goti iko chini sana. Minye nilirukaka na goti juu."

Akaiweka fimbo pembeni, akanishika kwapani na ile mikono, akaninyanyua, mifupa ya wote wawili inalia. Akawaambia wakwe kwamba huyu ni munungwe wake, na kama wanataka kujua binti anatoka kwa mtu gani, waniulize minye, yeye amesahau. Nikakalishwa, kaptula nimeishika mkononi, nikaanza kusimulia ile penalti aliyoidaka kwenye mvua, dakika ya mwisho, uwanja umekuwa matope. Sijafika mbali yule mzee wa koti akanikata.

"Ile ya mvua? Nilikuwako. Nilipandaka juu ya ukuta." Akamtazama Sumaku upya. "Njo weye?"

"Njo minye."

Akavua kofia, akakaa. Watu wake wakakaa. Odette aliolewa, ana watoto watano.

Minye nilitozwa jogoo wangu, faini ya kumlilia mtu aliye hai, na nililala kifudifudi siku tisa. Nikaapa sitaingia tena kwenye kilio bila kuuliza ni cha nani. Na mwaka Sumaku alipokufa kweli, niliuliza watu watatu njiani, nikaingia polepole na suruali ndefu, wote wakaningoja nimtukane, na sikupata neno. Yote nilikuwa nimekwisha kumwambia, na alinijibu.