Vigae vya Mama Kwenye Nyumba ya Mawe

Enzi zetu pale Musoma mjini, mtoto alikulia barazani. Nyumba yetu ya mawe ilikuwa na baraza ndefu ya saruji nyekundu, baridi hata jua likiwaka vipi. Hapo ndipo tulichezeaga mdako, hapo ndipo tuliangusha furu, visamaki vya ziwani, wa kukaanga, tukaokota, tukala, na hakuna aliyekufa. Jumamosi tulisugua sakafu mpaka magoti yachubuke, Mama akipita nyuma yetu: "Nyumba ina uso kama mtu. Iosheni." Watoto wa siku hizi ukiwapa dekio wanakuuliza linawashiwa wapi.

Sasa halmashauri inaandaa kanuni. Mtaa wetu wote utakuwa wa maghorofa, isipokuwa nyumba za zamani zitakazoandikwa zihifadhiwe. Usipoandikwa, unabomoa. Afisa mipango miji akapita na orodha yake. Alipofika kwetu alitupa jicho, akaendelea kutembea.

"Na hii?" nikamuuliza, mtoto mgongoni.

"Hii ya kisasa, dada. Ina vigae."

Nilipandwa na hasira. Vigae vile Mama aliviweka ukuta wa mbele mwaka jana tu, vya bafuni, vyeupe vyenye maua, ili tusionekane washamba. Nikaingia ndani, nikatoka na nyundo na tindo, nikaanza kubandua.

Mama akatoka mbio. "We Nyangeta, umerogwa? Hivyo nimevipakata kwenye basi kutoka Mwanza."

"Mama, ulisema uso tuuoshe. Hukusema tuupake poda."

Kigae cha tatu kilinikata kidole, ila jiwe likaonekana: la kijivu, limechongwa kwa mkono, limepangwa hata wembe haupiti. Afisa akasikia nyundo, akarudi, akalipapasa.

"Mama, mbona mmeficha kitu kama hiki?"

"Tulidhani mnapenda vipya," Mama akajibu, bila kumtazama.

Afisa akatuandika kwa kalamu, mwisho kabisa wa orodha.

Zamani nyumba haikuhitaji kanuni ili ibaki imesimama. Nani angewaza kuibomoa? Leo lazima iandikwe, ijadiliwe, ipigwe muhuri. Inaniuma, sitadanganya. Lakini madiwani wakikaa kupitisha ile orodha nitakuwa kiti cha mbele na mtoto wangu, alie akitaka. Na tangu jana mtaani kwetu ni kelele za nyundo tu: majirani watatu wanabandua vigae vyao.